Süleyman Demirel, mhandisi wa maji aliyeongoza Uturuki: yanayosemwa na yaliyokuwa

Waturuki walimpa Süleyman Demirel lakabu nyingi, na mbili kati ya hizo ndizo zilizosafiri mbali zaidi: Sülü Mchungaji na Mfalme wa Mabwawa. Kila moja ina chembe ya ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyohiyo kila moja imepotosha watu wengi wanaosoma historia ya Uturuki juujuu. Huyu ni mtu aliyeunda serikali saba akiwa waziri mkuu, kuanzia mwaka 1965, kisha akawa rais wa tisa wa nchi hiyo kuanzia 1993 hadi 2000. Maisha ya namna hiyo yanastahili kuelezwa kwa usahihi.

Lakabu ya mchungaji imewafanya wengi waamini kwamba Demirel alikuwa mtu wa kijijini asiye na elimu kubwa, aliyepanda ngazi za siasa kwa ufasaha wa ulimi na kofia yake maarufu. Ni kweli kwamba alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha İslamköy, mkoani Isparta, katika familia ya wakulima, na kwamba utotoni alichunga mifugo. Lakini mwaka 1949 alihitimu uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Istanbul, kisha akaenda Marekani kujifunza umwagiliaji, umeme na ujenzi wa mabwawa, na miaka ya 1950 akarudi huko kwa mara ya pili kwa ufadhili wa masomo. Nyumbani alishiriki katika mradi wa bwawa la Seyhan, karibu na mji wa Adana, lililogharimiwa kwa sehemu na mkopo wa Benki ya Dunia na kukamilika mwaka 1956. Bwawa hilo lilikuwa na kazi tatu kwa pamoja: kuzuia mafuriko yaliyokuwa yakiifikia Adana, kumwagilia tambarare ya Çukurova inayojulikana kwa pamba, na kuzalisha umeme. Mwaka 1955, akiwa na umri wa takriban miaka 30, Demirel aliteuliwa kuwa mkurugenzi mkuu wa idara ya taifa ya kazi za maji, inayojulikana kwa kifupi chake cha DSİ, ambayo wakati huo ilikuwa changa kabisa. Kwa maoni yangu miaka hiyo mitano ndiyo ufunguo wa maisha yake yote, kwa kuwa mtu anayesimamia mito ya nchi nzima hulazimika kuijua nchi wilaya kwa wilaya, na mwanasiasa Demirel aliijua Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki iliyo upande wa Asia, kwa namna ambayo wapinzani wake wachache waliweza kuifikia.

Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1960 aliacha utumishi wa umma, akafanya kazi binafsi ya uhandisi, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mashariki ya Kati mjini Ankara, na akashirikiana na kampuni ya Kimarekani ya Morrison-Knudsen. Hapo ndipo wapinzani walipopata jina jingine la kumkejeli, Süleyman wa Morrison, na dhana kwamba alipachikwa madarakani na Wamarekani. Njia aliyopitia inajulikana vizuri: alijiunga na Chama cha Haki, akagombea uenyekiti katika mkutano mkuu wa Novemba 1964 dhidi ya Sadettin Bilgiç, akamshinda kwa kura za wajumbe, na Oktoba 1965 chama chake kikapata karibu asilimia 53 ya kura za taifa. Wapiga kura hao walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo walioumizwa na kunyongwa kwa Waziri Mkuu Adnan Menderes mwaka 1961, waliotafuta chama cha kurithi kile kilichopigwa marufuku. Kuwaita vibaraka wa kampuni ya kigeni ni kuwanyima heshima yao.

Tuje sasa kwenye mabwawa. Inasemekana mara nyingi kwamba Demirel ndiye aliyejenga mabwawa makubwa ya Mto Frati, kana kwamba yalianza naye na yakaisha naye. Bwawa hudumu mikononi mwa wajenzi muda mrefu kuliko serikali inavyodumu madarakani, na hakuna mahali panapoonyesha hilo kuliko hapa. Ujenzi wa bwawa la Keban ulianza mwaka 1966, akiwa waziri mkuu, lakini lilipokamilika mwaka 1974 yeye alikuwa upande wa upinzani. Bwawa la Atatürk, kubwa kuliko yote nchini, lenye uwezo wa megawati 2,400, lilianza kujengwa mwaka 1983, wakati jeshi lilikuwa limempiga marufuku kushiriki siasa. Alilizindua yeye mwaka 1992 kwa kuwa alikuwa amerudi madarakani, lakini wakati maji yanaanza kujazwa Januari 1990 rais alikuwa Turgut Özal.

Wale wanaolisifu bwawa hilo kwa jina la mtu mmoja husahau pia waliolipia gharama yake. Mji wa kale wa Samsat ulizama na wakazi wake wakahamishiwa kwingine. Kwa mwezi mmoja wa mwaka 1990 Mto Frati ulizuiwa ili ziwa lijae, jambo lililozitia hofu Syria na Iraki zilizo chini ya mto. Katika uzinduzi wa 1992 Demirel alitetea msimamo kwamba jirani hawana haki ya kudai maji ya Uturuki, kama vile Uturuki isivyodai mafuta yao. Msimamo huo ulimpendeza mhandisi na mzalendo ndani yake, lakini mto unaovuka mipaka haufanani na kisima cha mafuta, na naamini hapo alikosea.

Kuhusu Özal, wengi hudhani kwamba wawili hao walikuwa mahasimu tangu mwanzo. Özal, naye mhandisi wa chuo kilekile, aliongoza shirika la mipango la taifa chini ya Demirel kuanzia 1967, na hatua za kiuchumi za Januari 24, 1980, zilizoshusha thamani ya lira kutoka 47 hadi 70 kwa dola moja na kufungua soko, zilitayarishwa na Özal lakini zikatangazwa na serikali ya Demirel. Uhasama ulikuja baadaye, pale mmoja alipozuiwa na wanajeshi na mwingine akapanda.

Kosa jingine ni la hesabu. Kwa kuwa aliunda serikali saba, husemwa kwamba jeshi lilimwondoa mara nyingi kupita kiasi. Jeshi lilimwondoa mara mbili: Machi 12, 1971, kwa waraka wa onyo uliomlazimu kujiuzulu, na Septemba 12, 1980, kwa mapinduzi ya Jenerali Kenan Evren. Mapinduzi ya 1960 yalimwondoa Menderes. Serikali nyingine za Demirel zilianguka au kubadilika kwa njia za kawaida za bunge na uchaguzi. Wala hatupaswi kumfanya mhanga safi wa wanajeshi, maana mwaka 1972 chama chake kiliunga mkono bungeni kunyongwa kwa wanafunzi watatu wanamapinduzi, akiwemo Deniz Gezmiş, na mwaka 1997, akiwa rais, hakusimama na serikali ya Waziri Mkuu Necmettin Erbakan ilipobanwa na majenerali.

Mwisho ni suala la urais. Wasomaji waliozoea Uturuki ya Erdoğan hudhani Demirel alitawala kwa mamlaka kama hayo. Katiba ya wakati wake ilimfanya rais achaguliwe na bunge kwa kipindi kimoja cha miaka saba, na serikali iliongozwa na waziri mkuu, cheo kilichofutwa mwaka 2018 tu. Mwaka 2000 kulifanyika jaribio la kubadilisha katiba ili aongezewe muda. Bunge lililikataa, na Mei 16 mwaka huo alimkabidhi ofisi Ahmet Necdet Sezer, aliyekuwa rais wa Mahakama ya Katiba.