CC sawa, mvuto tofauti: umbo la silinda na majira ya kemshafti

Injini ya Toyota 1ZZ-FE ina CC 1794 (ujazo wa silinda zake zote), 2ZZ-GE ina CC 1796. Zote zilifungwa kwenye Corolla Runx. Ya kwanza inavuta tangu mizunguko ya chini. Ya pili ni ya kawaida tu mpaka ifike kama mizunguko 6,200 kwa dakika, hapo ndipo inapochomoka.

Silinda ya 1ZZ ina kipenyo cha milimita 79 na pistoni husafiri milimita 91.5. Ya 2ZZ ni 82 kwa 85. Silinda pana hutoa nafasi ya valvu kubwa, na safari fupi hupunguza kasi ya pistoni: kwenye mizunguko 6,000, pistoni ya 1ZZ hukimbia wastani wa mita 18.3 kwa sekunde, ya 2ZZ mita 17. Wengi husema safari ndefu ndiyo huleta torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Si hivyo. Mkono wa krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) hurefuka, lakini uso wa pistoni unaosukumwa hupungua, na CC zikilingana faida hiyo hupotea. Cha kuangalia ni hewa inayoingia.

Hapo kemshafti, shafti yenye nundu zinazofungua valvu, ndiyo hukata shauri. Valvu ya kuingiza haifungi pistoni ikifika chini. Husubiri, mara nyingi nyuzi 40 hadi 60 za krenkshafti baadaye. Injini ikiwa kasi, hewa imeshika mbio na huendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda. Ikiwa taratibu, hewa hiyohiyo hurudishwa kwenye manifodi (mabomba ya kuingizia hewa). Kwa hiyo kemshafti inayochelewa kufunga hupata nguvu juu na kupoteza chini. 2ZZ hukwepa hilo kwa kuwa na nundu za aina mbili, ndogo kwa mizunguko ya chini na kubwa kwa ya juu. Shinikizo la oili husukuma pini, roka (mikono inayosukuma valvu) zikahamia nundu kubwa.

Oili ikipungua, au boliti za shafti ya roka zikilika na kuvujisha shinikizo, nundu kubwa haishiki na gari hubaki zito juu.

Cheni ikiruka jino moja kwenye gia ya kemshafti yenye meno 36, kosa ni nyuzi 20 za krenkshafti, kwa kuwa krenkshafti huzunguka mara mbili kemshafti ikizunguka mara moja. Valvu zikichelewa hivyo, kompresheni (mbano wa hewa) hushuka kwenye silinda zote kwa pamoja. Fundi akisoma hivyo, akague alama za taiming kabla ya kulaumu ringi za pistoni.