Maswali na majibu: skizofrenia, ubongo wa mgonjwa na dawa zinazoachwa njiani

Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara na ndugu wanaowaleta wagonjwa katika kliniki za afya ya akili hapa Dar es Salaam. Tunayajibu kwa maandishi kwa sababu bado tunawapokea vijana walioanza kuugua wakiwa kidato cha nne, na wanaotufikia wakiwa watu wazima, baada ya nyumba nzima kuaminishwa kwamba dawa za hospitali zingewaharibu akili.

Skizofrenia ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga fikra, hisia na namna mtu anavyoyatambua mambo yanayomzunguka. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini mambo yasiyokuwepo, kwa mfano kwamba majirani wamepanga kumuua, au huzungumza maneno yasiyofuatana. Kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya 20, na kwa wanaume hutangulia kidogo kuliko kwa wanawake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban mtu mmoja kati ya kila watu 300 anaugua.

Je, ni kweli kwamba ubongo wa mgonjwa hubadilika kadiri miaka inavyopita?

Ni kweli. Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza waliwapima kwa CT scan, yaani picha za eksirei za ndani ya kichwa, wagonjwa walioishi na ugonjwa huu kwa muda mrefu, wakaona kwamba nafasi zenye maji zilizo katikati ya ubongo zilikuwa kubwa kuliko za watu wasio wagonjwa. Vipimo vya MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) vilivyofuata vilionyesha kuwa ujazo wa ubongo hupungua kidogo katika sehemu za mbele na za pembeni, pamoja na hipokampasi, ambayo inahusika na kumbukumbu. Baadhi ya mabadiliko hayo huwepo kabla dalili hazijajitokeza waziwazi. Mengine huendelea baadaye, hasa katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Hata hivyo tofauti hizo ni ndogo, huonekana pale kundi la wagonjwa linapolinganishwa na kundi la wasio wagonjwa, na hazilingani kwa kila mtu. Anayewaambia kwamba ubongo wa kijana wenu umeoza anawadanganya.

Si dawa hizo ndizo zinazokausha ubongo?

Hapana. Mabadiliko tuliyoyataja yamekutwa kwa watu ambao hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Ni kweli kwamba baadhi ya tafiti zimehusisha dozi kubwa za muda mrefu na upungufu mdogo wa ujazo wa ubongo, na ndiyo sababu daktari hutafuta dozi ndogo kabisa inayotosha kuzuia dalili. Lakini imeonekana pia kwamba wanaokaa muda mrefu zaidi katika hali ya kurudiwa na ugonjwa hupoteza zaidi ujazo huo. Kwa hiyo anayeziacha dawa ili kuulinda ubongo anauacha wazi kwa ugonjwa wenyewe.

Tunafahamu hofu hiyo inakotoka. Ndugu humwona mgonjwa akisinzia mchana kutwa, akitokwa na udenda, mikono ikitetemeka, au shingo ikipinda ghafla baada ya sindano ya haloperidoli, mojawapo ya dawa za ugonjwa huu, nao wakahitimisha kwamba ubongo unakauka. Hayo ni madhara ya dawa, na yanatibika kwa kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kuongeza dawa nyingine. Shingo ikipinda au macho yakikwama juu, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Msizitupe dawa, wala msizipunguze wenyewe.

CT scan ilionyesha kichwa kiko salama. Je, bado ni mgonjwa?

Ndiyo. Kipimo hicho husaidia kutafuta uvimbe, damu iliyovuja na magonjwa mengine ya aina hiyo. Skizofrenia hutambuliwa kwa historia, mahojiano na uchunguzi wa daktari. Inasikitisha kuona familia ikichanga fedha nyingi kwa kipimo ambacho daktari hakukiagiza, kisha ikakosa nauli ya kumrudisha mgonjwa kliniki.

Je, tumpeleke kwanza kwa mganga au kwenye maombi?

Hapana, si kwanza. Maombi hayagombani na dawa, na hatumkatazi mtu imani yake. Tunachokataa ni kumfunga mgonjwa kamba au minyororo kwa miezi, kumnyima chakula kwa jina la kumtoa majini, na kumwamuru aache vidonge. Kadiri saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, inavyokaa muda mrefu bila tiba, ndivyo mgonjwa anavyochelewa kupata nafuu na ndivyo inavyokuwa vigumu zaidi kurudi shuleni, kazini na kwa watu wake. Tunarudia: hospitali kwanza.

Amekuwa mzima kwa miezi mitatu. Je, aache dawa?

Hapana. Amekuwa mzima kwa sababu anazitumia. Uchambuzi wa tafiti 65 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa, katika muda wa takriban mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia wagonjwa 27 kati ya 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya 100 walioachishwa. Baada ya kuugua mara ya kwanza, matibabu huendelea kwa angalau mwaka mmoja tangu dalili zitulie, na mara nyingi zaidi ya hapo. Anayesahau au kuchoshwa na vidonge amuulize daktari kuhusu sindano ya kila mwezi.

Je, bangi kidogo ina ubaya?

Ina ubaya mkubwa. Huamsha dalili na hurudisha ugonjwa hata kwa anayemeza dawa.

Anakataa kabisa kwenda hospitali. Tufanyeje?

Msisubiri akubali kwamba ni mgonjwa, kwa kuwa kutotambua kwamba anaumwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Si lazima kuanzia hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Hapa jijini mnaweza kuanzia hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, au Muhimbili. Aje kwanza ndugu mmoja anayemfahamu vizuri, aeleze mabadiliko yalianza lini na ni dawa zipi amewahi kutumia, zikiwemo za kienyeji, ili ashauriwe namna ya kumleta. Akitishia kujiua au kumdhuru mtu, mpelekeni idara ya dharura saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku, na mbebe vidonge vyote mlivyovikuta nyumbani.