Kihami joto hakipozi betri

Kihami joto ni kitu kinachochelewesha joto lisivuke haraka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Basi. Hakitengenezi ubaridi wala hakiondoi joto lililo ndani ya betri. Nalisema hili kwa sababu kila panapozungumzwa magari na pikipiki za umeme, hakosekani wa kueleza kwamba betri "imewekewa kihami ili isichemke". Nimewahi hata kumsikia fundi akishauri betri ya pikipiki ivishwe sponji.

Joto la betri kwa sehemu kubwa halitoki juani. Linazaliwa ndani, mkondo wa umeme unapopita kwenye ukinzani wa seli zenyewe (vijibetri vidogo vinavyounda betri), iwe unachaji au unapanda mlima. Ukiivisha sponji, joto hilo linakosa pa kutokea na betri inazidi kuchemka. Kinachopoza ni kitu kingine: katika magari mengi ni bamba la alumini lililogusana na seli, lenye mifereji inayopitisha maji yaliyochanganywa na glikoli.

Kinachovuruga watu, nadhani, ni kwamba katikati ya seli na bamba hilo huwekwa utando au gundi ambayo nayo huitwa kihami. Ni kweli ni kihami, lakini cha umeme. Kinazuia umeme usifike kwenye alumini, huku kikipitisha joto kwa makusudi. Fungua pasi ya umeme ya zamani uone: waya bapa umezungushwa kwenye bamba jembamba linalong'aa na kubanduka tabaka kwa tabaka. Huo ni ulanga, madini yaliyochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Unazuia umeme usiingie kwenye chuma cha pasi, lakini kwa wembamba wake joto linapita na nguo inanyooka. Kihami umeme si lazima kiwe kihami joto, na anayesema "kihami" peke yake hajasema anazuia nini.

Kihami joto chenyewe kina kazi yake, na kazi hiyo huja siku ya ajali. Seli ya lithiamu ikipata shoti ndani na joto likafika karibu nyuzi 130, utando wa polithini unaotenganisha pande zake mbili huyeyuka. Kuanzia hapo kemikali za ndani huzalisha joto zenyewe, bila kuhitaji chaja wala mota, na linaweza kupita nyuzi 600. Seli hiyo haiokoki tena. Inayotafutiwa wokovu ni jirani yake, kwa kuwekewa katikati karatasi ya unene wa milimita chache.

Mara nyingi karatasi hiyo ni ya aerojeli, kitu ambacho Mmarekani Samuel Kistler alikitangaza mwaka 1931. Zaidi ya asilimia 90 yake ni hewa, iliyonaswa kwenye vitundu vidogo kiasi kwamba molekuli za hewa hugonga kuta kabla ya kugongana zenyewe na kupokezana joto. Ndiyo maana hupitisha joto kidogo kuliko hata hewa tupu iliyotulia. Juu ya seli, chini ya mfuniko, huwekwa bamba la ulanga uleule ili ndimi za moto zisitoboe kuelekea kwenye viti.

Hata hivyo joto litavuka tu, ila kwa kuchelewa. Kanuni ya China ya mwaka 2020 kuhusu betri za magari ya umeme ilidai abiria waonywe angalau dakika 5 kabla hatari haijawafikia. Ile inayoanza Julai 2026 inataka betri isiwake wala kulipuka kabisa.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia betri yake haichemki kwa sababu ina kihami, usibishane naye. Muulize kihami hicho kinazuia umeme au joto, kimewekwa kati ya nini na nini, na joto la kila siku linatolewa kwa njia gani.