Karafuu za Pemba na ile tufani ya 1872

Kila mwaka darasani nakutana na swali lile lile: mikarafuu ilianza kustawishwa Unguja, imekuwaje Pemba ndiyo ikawa shamba la karafuu? Huwa naanzia Aprili 1872. Tufani iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba haikuumia sana. Mkarafuu ukipandwa leo utasubiri miaka 6 au zaidi ndipo uzae, kwa hiyo bei ilipanda na wenye mitaji wakaikimbilia Pemba. Kazi ilifanywa na watumwa. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kujipenyeza usiku kwenye hori za Pemba, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Watembeza wageni hulipita haraka jambo hili.

Lakini tufani peke yake haioteshi mti. Chukua Mkoa wa Kaskazini Pemba, wenye wilaya mbili tu, Wete na Micheweni. Upande wa Wete ni vilima vya udongo mzito, mikarafuu juu, mpunga mabondeni. Ukielekea mashariki, Micheweni, unaingia maweni: jembe linagonga jiwe la matumbawe. Huko watu wameegemea bahari, uvuvi na mwani. Ni mwendo mfupi kwa gari, na maisha ni mengine kabisa.

Bahari nayo ina lake. Unguja iliwahi kuungana na bara maji yalipokuwa chini. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, tangu zamani mno. Ndiyo maana kuna popo wa Pemba na bundi wa Pemba, wasiopatikana kwingine duniani. Msitu wa Ngezi, karibu na Konde, ni mahali pazuri pa kuwatafuta.

Pemba kuna pia mchezo wa ng'ombe, mtu akicheza na dume uwanjani, na wengi wanauhusisha na Wareno. Huenda. Pemba dume haliuawi. Linachokozwa kwa kitambaa huku zumari likilia, kisha linarudi kwa mwenyewe.

Msimu wa karafuu ndio unaoonyesha mkoa ulivyo. Karafuu huchumwa ikiwa bado imefumba, kichwa kikianza wekundu. Ikichanua, imeshapoteza thamani. Jioni nyumba nzima inakaa kuchambua: shada mkono mmoja, kiganja cha pili kinazikwanyua, karafuu huku, makonyo (vijiti vya shada) kule. Kesho yake zinaanikwa majamvini siku kadhaa. Zikirundikwa mbichi zinachacha na kupauka. Anayejua huvunja moja kwa vidole na kusikiliza: iliyokauka hulia "ka!", yenye maji hupinda tu. Na wingu likitanda, hata mgeni aliyekuja kuuliza maswali ya historia hushikishwa ncha ya jamvi.