Kwa nini popo wa gramu 8 huishi miaka mingi kuliko kindi?

Chota vijiko viwili vya chai vya sukari. Huo ndio uzito wa popo mdogo wa kahawia, Myotis lucifugus, wa Marekani na Kanada. Huko huko yuko kindi wa ardhini mwenye mistari kumi na mitatu mgongoni, Ictidomys tridecemlineatus, anayemzidi uzito mara 15 au zaidi. Kwa kawaida mnyama mdogo hufa mapema, ndiyo maana panya hazeeki kama tembo. Hapa mambo yamepinduka. Popo mmoja wa aina hii, aliyevishwa pete na watafiti, alijulikana kufikisha miaka 34. Kindi, hata akifugwa na kulishwa vizuri, akifika miaka 8 amejitahidi.

Wengi husema siri ni ule usingizi mzito wa majira ya baridi. Ni kweli popo huyu huning'inia pangoni miezi mingi bila kula. Lakini kindi naye hulala, tena hulala haswa! Joto la mwili wake hushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, na moyo uliokuwa ukipiga zaidi ya mara 200 kwa dakika hupiga kama mara 5. Usingizi peke yake ungetosha, kindi naye angeitwa babu.

Kinachowatenga ni mabawa. Kindi huandamwa kila upande: juu mwewe, chini nyoka, na huyo jamaa wa nyegere anayemfukua shimoni. Mwili unaoweza kuliwa kesho haufaidiki kujengwa kwa ajili ya miaka thelathini. Bora uzae upesi. Jike huzaa watoto kama 8 kwa mpigo, na wengi hawamalizi mwaka. Popo hutoka usiku, huruka, mchana hujificha. Maadui wanaomfikia ni wachache, hivyo vizazi kwa vizazi waliofaulu ni wale ambao miili yao hujikarabati vyema na kuzeeka polepole. Tena si huyu tu: kwa wastani, popo huishi karibu mara 3.5 zaidi ya mamalia wasioruka wa ukubwa wao.

Ila jike wa popo huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Tangu 2006, kuvu inayoota puani na mabawani mwa popo waliolala, iliyoonekana kwanza jimbo la New York, imeua mamilioni yao. Kindi angeziba pengo kama hilo kwa misimu michache. Popo atahitaji miongo.