Naitrojeni Isiyongoja Mvua

Anayetaka kujua naitrojeni kiasi gani hushuka ardhini kutoka angani huanza na kipimamvua, na katika nchi zenye mvua nyingi hakosei sana. Jangwani chombo hicho hukaa kikavu miezi mingi, ilhali naitrojeni inaendelea kutua kila siku: amonia, chembe za vumbi, na mvuke wa asidi ya nitriki, ambao hunata karibu kila kitu unachokigusa. Kwa sababu hiyo, huko siridhiki na takwimu za mvua peke yake mpaka nione pia vipimo vya gesi.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Mbuga ya Taifa ya Joshua Tree, kusini mwa California. Moshi wa bonde la Los Angeles, wenye gesi hizo za naitrojeni, husukumwa na upepo kuelekea mashariki, ukapenya katikati ya milima kwenye pengo la San Gorgonio na kuishia jangwani. Kifaa kinachosafisha moshi wa gari nacho, kwa bahati mbaya, hutoa amonia kidogo.

Naitrojeni hiyo hulala juu ya majani na udongo, kwa kuwa pasipo maji mizizi haiwezi kuinyonya, hadi mvua ya kwanza iiyeyushe kwa mkupuo. Hapo huungana na mkupuo mwingine, ule ambao mtafiti wa udongo H. F. Birch aliuchunguza Muguga, karibu na Nairobi, na kuuandika mwaka 1958: udongo uliokauka ukilowa, vijidudu vyake huzinduka na kuvunjavunja mboji kwa kasi, nayo naitrojeni huachiliwa kwa wingi ndani ya siku chache. Mkulima wetu anayewahi kupanda hufaidi jambo hilo hilo.

Jangwani wanaowahi ni nyasi za msimu mmoja zilizotoka pande za Mediterania, kama Bromus rubens. Edith Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, waliongeza hadi kilo 30 za naitrojeni kwa hekta katika mbuga hiyo, na nyasi za kigeni zikaongezeka, ingawa si kila mahali wala kila mwaka, kwani mvua ya msimu nayo ilikuwa na neno lake. Vichaka vya asili huota kwa kuachana, na zamani moto ulizimika kwa kukosa cha kuteketeza baina yao. Nyasi zikikauka huziba mapengo hayo, na takriban tani 1 kwa hekta yatosha kuusafirisha moto. Kwa hiyo mwaka ninaouhofia zaidi huko si wa ukame, bali ni ule wa mvua njema unaofuatwa na kiangazi.