Chama "chekundu" cha wafanyakazi ni kipi hasa?

Habari za migomo ya miaka ya 1930 hazikosi neno "chama chekundu", na mara nyingi anayelitumia hajisumbui kueleza. Wengi hudhani ni chama chochote cha wafanyakazi ambacho katibu wake ni mkomunisti. Siyo, angalau mwanzoni haikuwa hivyo. Maana ya asili ni finyu zaidi: ni chama kilichoundwa na wakomunisti kando ya chama kilichokuwapo tayari, katika kazi ileile, kikigombania wanachama walewale. Chama sambamba, kwa maneno mengine. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani, nao ulidumu miaka 6 tu.

Kwa nini mtu aanzishe chama cha pili wakati cha kwanza kipo? Kitazame hicho cha kwanza. Shirikisho la Kazi la Marekani, AFL, lilikuwa mkusanyiko wa vyama vya mafundi: maseremala kwao, wachapaji kwao, mafundi bomba kwao. Aliyesimama siku nzima kwenye mtambo wa kiwanda cha magari, au aliyechuma pamba, hakuwa na ufundi wenye jina, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Baadhi ya vyama hivyo vilimfungia Mweusi mlango waziwazi.

William Z. Foster, aliyeongoza mgomo mkubwa wa chuma wa 1919, aliamini dawa ni kuingia ndani ya vyama hivyo na kuvigeuza kutokea humo. Aliifanya kazi hiyo karibu muongo mzima. Kisha 1928 mkutano mkuu wa Komintern, jumuiya ya vyama vya kikomunisti yenye makao Moscow, ukatangaza kwamba ubepari umeingia kipindi kipya cha kuporomoka na kwamba viongozi wa vyama vya zamani sasa ni watu wa mabwana. Amri ikawa kujitenga. Foster alisitasita, akatii. Mwishoni mwa Agosti 1929, mjini Cleveland, kundi aliloliongoza ndani ya vyama vya zamani likageuzwa kuwa shirikisho jipya la vyama vyekundu lililoitwa TUUL, na chini yake vikawekwa vyama vya wachimba migodi, washona nguo, wafumaji, mabaharia, wavuna mazao na wengineo. Wiki 8 baadaye soko la hisa la New York likaanguka. Ungedhani walikuwa wamepiga ramli.

Tofauti ya vyama hivi na vya AFL ilikuwa kwamba kiwanda kizima kilikuwa chama kimoja, fundi na mfagiaji pamoja, Mweusi na Mweupe pamoja, mwanamke na mwanamume pamoja. Asiye na kazi naye alikuwa na mahali pake, kwenye mabaraza ya wasio na ajira yaliyokuwa yakirudisha ndani vyombo vya wapangaji waliotolewa nje kwa deni la kodi. Ikumbukwe kwamba kufikia 1933 karibu mfanyakazi 1 kati ya 4 nchini humo hakuwa na kazi.

Kisa cha St. Louis kinaonyesha hili vizuri kuliko katiba yoyote. Kampuni ya Funsten ilikuwa na viwanda vya kubangua pekani, kokwa inayoliwa kama korosho. Wabanguaji walikuwa wanawake, wengi wao Weusi, na walilipwa kwa ratili: bei moja kwa kokwa iliyotoka nusu nzima, bei ya chini zaidi kwa vipande. Mkono ukiteleza, kokwa ikavunjika, na senti zimeondoka. Wanawake Weupe walilipwa zaidi kwa kazi hiyohiyo. Mei 1933 Weusi wakatoka nje, wakiongozwa na mbanguaji mwenzao Carrie Smith na chama chekundu cha wafanyakazi wa vyakula, na mara wenzao Weupe wakawafuata. Viwanda vingine vya pekani mjini navyo vikasimama. Kabla ya mwezi kwisha meya alikuwa ameunda kamati ya usuluhishi, ujira ulikuwa umepanda sana, na tofauti ya malipo kwa rangi ilikuwa imeondolewa. AFL haikuwa imewahi kuwagongea mlango wanawake hao.

Oktoba mwaka huohuo ikawa zamu ya pamba ya bonde la San Joaquin, California. Wenye mashamba waliweka ujira wa senti 60 kwa ratili 100, yaani kama kilo 45 za pamba. Wachumaji, wengi wao Wameksiko, wakataka dola 1. Walifukuzwa kwenye vibanda vya mashambani, na zaidi ya watu 3,000 wakapiga mahema karibu na mji wa Corcoran. Tarehe 10, huko Pixley, wenye mashamba wenye bunduki waliwafyatulia risasi waliokuwa wametoka kwenye mkutano, wakaua 2. Siku hiyohiyo mwingine akauawa Arvin. Mwishowe wakakubaliana senti 75. Pat Chambers na Caroline Decker, viongozi wa mgomo kutoka chama chekundu cha wavuna mazao, baadaye walifungwa kwa sheria ya jimbo dhidi ya uchochezi.

Udhaifu wa vyama vyekundu ulikuwa mmoja, na kwa maoni yangu ndio uliovimaliza. Kuwasha mgomo waandaaji wao walijua sana. Kukusanya ada miezi sita baada ya mgomo, hapo ndipo walipokwama. Mwandaaji alihamia moto mwingine, tawi likabaki daftari. Na ilipotoka sheria ya Rais Roosevelt ya Juni 1933 iliyotambua haki ya kujiunga na chama, wafanyakazi walimiminika kwenye vyama vya zamani walivyovijua majina, siyo kwenye vyekundu. Huko Ujerumani Hitler alikuwa ameshika madaraka, na Moscow ikaanza kuhubiri umoja badala ya kujitenga. Mapema 1935 TUUL ikavunjwa na watu wake wakaambiwa warudi walikotoka.

Hapo ndipo maana ya pili ilipozaliwa, ile ambayo wengi huichanganya na ya kwanza. Novemba 1935 John L. Lewis, kiongozi wa chama cha wachimba migodi, alianzisha CIO, muungano wa vyama vya wafanyakazi, ili kuandaa viwanda vizima, na alihitaji watu wanaojua kazi hiyo. Aliwachukua wakomunisti aliokuwa akipambana nao miaka yote. Alipoulizwa, inasimuliwa, alijibu kwa swali: ndege huliwa na nani, mwindaji au mbwa? Katika mgomo wa kukalia viwanda vya magari vya General Motors huko Flint, siku 44 kuanzia Desemba 30, 1936, waandaaji wakomunisti walikuwa mstari wa mbele, lakini ndani ya chama cha wote. Vyama vya namna hii, vyenye uongozi wa kikomunisti bila kuwa vyama sambamba, vilikuwa vikubwa na vilidumu. Mwaka 1949 na 1950 CIO ikavifukuza 11.

Makhan Singh wa Nairobi naye mara nyingi huwekwa kwenye kapu hili. Alikuwa mkomunisti, ni kweli, na alisema hivyo mahakamani. Lakini Chama cha Wafanyakazi wa Kenya alichokiunda 1935, kikafungua mlango kwa watu wa rangi zote, hakikujitenga na chama kingine: Nairobi haikuwa na shirikisho kubwa la kugombania nalo wanachama. Mgomo wake wa 1937 ulichukua siku 62 na kuwapatia mafundi nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22. Kwa maana finyu basi, chama chake hakikuwa chekundu. Serikali ya kikoloni haikuingia kwenye uchambuzi huo. Ilimkamata Mei 1950, na hakutoka kizuizini hadi Oktoba 1961.